Herufi za kushikwa mkononi: mwongozo kamili wa kumfundisha mtoto mdogo kwa mchanga, kombe na maboksi

Mtoto wa miaka minne anaweza kuimba “a, be, che, de” kuanzia mwanzo hadi mwisho, na bado ukimwekea herufi b peke yake juu ya mkeka asijue ni kitu gani. Wazazi tunampigia makofi tukidhani ameshajua herufi, kumbe anachojua ni wimbo.

Mwongozo huu ni wa mama, baba, bibi, mjomba au dada wa nyumbani anayeshinda na mtoto wa miaka mitatu hadi sita hapa Mtwara au Lindi, na anayetaka mtoto huyo aingie darasa la awali akiwa anaijua kila herufi kwa sikio, kwa jicho na kwa vidole. Fedha nyingi hazihitajiki. Karibu kila kitu kipo uani, ufukweni, shambani au kwa fundi cherehani.

Anza na sauti, jina lisubiri

Ukimwambia mtoto herufi hii ni “be” na ile ni “a”, siku akiziunganisha atasoma “bea”. Hajakosea, amesoma ulichomfundisha. Akisikia “em” na “a” atasoma “ema”, na neno mama litabaki mbali. Kwa hiyo mwonyeshe herufi na umtamkie sauti yake tu.

Sauti za m, n, s, f, v, z, l na r zinavutika: mmmm, ssss. Zivute mpaka acheke. Sauti za b, d, g, k, p na t hazivutiki, kwa hiyo zitamke fupi, midomo au ulimi ukiachia mara moja, bila kuongeza irabu ndefu nyuma yake. Jizoeze kwanza wewe mwenyewe kabla ya kukaa naye.

Kiswahili kinamrahisishia sana mtoto kazi hii. Irabu zetu ni tano, a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti ileile popote inapoandikwa. Hatuna q wala x, na c haisimami peke yake, huja na h. Ndiyo maana mimi sipendekezi kuanza na zile chati za dukani zenye herufi 26 na picha za matufaa na meli za barafuni. Mtoto wa Chikongola au Mikindani anamjua kaa, anaijua korosho, anaujua muhogo. Fundisha kwa vitu hivyo.

Chagua maneno safi

Jambo hili watu wengi hawalitazami, nalo ndilo linalowachanganya watoto kuliko lolote. Chati huweka picha ya ndizi au nyumba kwenye n, na ya mbuzi kwenye m. Tamka polepole: ndizi inaanza na nd, nyumba inaanza na ny, mbuzi inaanza na mb. Mtoto mwenye sikio zuri atakataa, na atakuwa na haki. Hata “mti” na “mkate” ziache kwanza, kwa sababu m ile ni silabi kamili inayosimama bila irabu.

Neno safi ni lile ambalo herufi ya kwanza inafuatwa moja kwa moja na irabu. Kwa m tumia maji, muhogo, mabibo. Kwa n tumia nazi na nanasi. K ina utajiri: korosho, kanga, kuku, kaa, kikapu. D ina dafu, dagaa na dau. S ina samaki na sufuria, t ina taa, tui na tikiti, p ina papai, paka na papa. B ichukue bibo, boga au bao. F ina fenesi, g ina gunia, j ina jahazi na jiko, l ina limau, v ina viazi, w ina wali, y ina yai, r ina rangi. H ni hereni, z ni zulia. Kwa irabu: asali, embe, iliki, ufuta na ubuyu. O ni ngumu kidogo kupata kitu cha kushika, kwa hiyo tumia kitendo: okota! Mtoto anainama na kuokota kweli.

Picha zisizidi vitu halisi. Ukiwa na nazi jikoni, usichore nazi.

Sikio kabla ya jicho

Kwa mtoto wa miaka mitatu, au yeyote ambaye hajazoea kusikiliza sauti ndani ya maneno, usitoe herufi bado. Cheza naye kwanza kwa mdomo.

Mchezo wa nyama nyama nyama kila mtoto anaujua: kiongozi akitaja mnyama anayeliwa, watoto wanaruka na kuitikia “nyama!”, akitaja kisicholiwa, atakayeruka ametoka. Ugeuze. Sema, “Leo tunaruka kwa sssss.” Kisha taja: samaki, wanaruka, sufuria, wanaruka, embe, wanatulia. Watoto watatu wa jirani wanatosha kuuchangamsha, na mkubwa mmoja akikosea makusudi wadogo watamsahihisha kwa furaha.

Mwingine ni kupiga makofi kwa silabi: ko-ro-sho, makofi matatu, da-fu, mawili, mu-ho-go, matatu. Fanyeni mkiwa njiani kwenda sokoni au mkichambua mboga. Vitendawili navyo vifanye kazi. “Kitendawili!” “Tega!” “Nipo jikoni, naanza na s, wali unaivia tumboni mwangu.” Akijibu sufuria, mpigie makofi; akishindwa, akupe mji.

Akiweza kukutajia mwenyewe sauti ya kwanza ya maneno kadhaa bila msaada, yuko tayari kwa herufi.

Mpangilio wa herufi

Usifuate a, b, c. Anza na irabu tano, kisha m, k, t, l, n, s. Kwa herufi hizo kumi na moja tu mtoto anasoma mama, kaka, kuku, kiti, taa, meli, nane, samaki. Anapoona kwamba vipande vile vinatoa neno analolijua, hamu yake inabadilika kabisa. Baada ya hapo ongeza b, p, f, g, h, j, w, y, z, v, d, r.

Angalia jinsi d ilivyowekwa mbali na b. Zinafanana, na mtoto mdogo bado hajajua kwamba upande una maana. Kijiko kikigeuzwa kushoto bado ni kijiko, kwa nini b igeuke kitu kingine? Aijue moja vizuri sana ndipo umletee ya pili. Fanya hivyohivyo kwa n na u, na kwa m na w.

L na r zinahitaji subira ya pekee huku kwetu, maana katika nyumba nyingi zinabadilishana mdomoni. Usimcheke wala usimkatize. Mwonyeshe ulimi wako: kwenye l unagusa juu na kutulia, kwenye r unatetemeka. Rudini hapo mara kwa mara bila haraka.

Herufi ya kwanza ya jina lake itakaa nje ya mpangilio huu. Mpe hata siku ya kwanza akiitaka.

Tumia herufi ndogo, maana ndizo zitakazojaa katika vitabu vyake. Kubwa zitakuja baadaye.

Kutengeneza vifaa

*Gundi.* Koroga vijiko viwili vya chakula vya unga wa muhogo au wa ngano kwa robo kikombe ya maji baridi mpaka madonge yaishe. Chemsha robo tatu ya kikombe ya maji, mimina mchanganyiko ule huku unakoroga, na upike mpaka uwe mzito na uanze kung'aa. Uache upoe. Pika kidogo kidogo, kwa sababu kwa joto la pwani haukawii kuchacha.

*Kadi za mchanga.* Kata maboksi vipande vya ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Chora herufi moja katikati kwa mstari mnene kama kidole. Paka gundi juu ya mstari tu, mwagia mchanga mkavu uliochekechwa, bonyeza taratibu, acha ukauke kivulini, kisha kung'uta. Mtoto atapitisha vidole viwili juu yake huku akitamka sauti. Kwa maoni yangu hiki ndicho kifaa bora kuliko vyote katika mwongozo huu, na ukiwa na muda wa kutengeneza kimoja tu, tengeneza hiki.

Irabu zitofautishe. Badala ya mchanga, zibandike kwa vipande vya kanga nyekundu ulivyoomba kwa fundi. Baadaye ataona mwenyewe kwamba karibu kila silabi inamalizia na rangi nyekundu.

Chagua maboksi ya sabuni, biskuti au tambi. Usiguse kabisa maboksi na mifuko ya viuatilifu. Msimu wa kupulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, mifuko ya salfa huzagaa shambani na mingine huletwa nyumbani kwa sababu ni imara. Vumbi lake linawasha macho na kifua, na mtoto hupeleka vidole mdomoni.

*Donge la chumvi.* Vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi, na maji yasiyozidi kikombe kimoja, ukiongeza kidogo kidogo na kukanda mpaka liache kunata. Kwa rangi, kanda sehemu moja na manjano ya unga. Mtoto anaviringisha nyoka mrefu juu ya mkeka, kisha anamkunja kuwa s, o au u. Herufi zilizotengenezwa zianikwe juani siku mbili tatu, zikigeuzwa. Hewa ya bahari ina unyevu na chumvi huvuta maji, kwa hiyo zikikauka zitie kwenye kopo lenye mfuniko, la sivyo zitalainika tena. Mwangalie asile: chumvi ile ni nyingi mno kwa mwili mdogo. Unga ukiwa ghali, udongo wa mfinyanzi unafanya kazi hiyohiyo. Nyanda za Makonde, kina mama wafinyanzi wanaujua unapochimbwa; waombe bonge moja.

*Vizibo.* Kusanya vya plastiki vya chupa za maji. Vya soda vina meno makali, labda uvigonge bapa kwa nyundo kwanza. Andika herufi moja kwa kila kizibo kwa kalamu ya wino mzito. Irabu ziwe nne nne, maana maneno yetu yanazitumia sana: samaki peke yake inakula a mbili. Nyumba yenye mtoto anayetambaa, vizibo na mbegu vihesabiwe na kurudishwa kwenye kopo kila mara, kwa sababu vinaweza kumkaba.

*Sinia la mchanga.* Sinia, ungo au kifuniko cha boksi, na mchanga mkavu wa kina cha nusu kidole. Mtoto anaandika kwa kidole, anatikisa, panafutika. Hakuna kosa linalobaki, na hiyo ndiyo faida yake kubwa.

*Vya kupanga.* Mbegu za ubuyu, kokwa za ukwaju, kombe ndogo, choroko. Korosho ghafi zenye ganda usimpe. Mafuta yaliyomo ndani ya ganda lile huunguza na kutoa malengelenge, kama ajuavyo kila aliyewahi kubangua kwa mikono mitupu.

Herufi moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho

Tuchukue k. Kaa naye mkekani asubuhi kabla jua halijakaza. Dakika kumi zinatosha, kumi na tano akiwa na furaha.

Siku ya kwanza weka kikapu. Ndani kuna kitunguu, kijiko, kipande cha kanga na punje ya korosho iliyobanguliwa na kukaangwa. Atoe kimoja kimoja na kukitaja. Uliza: “Unasikia nini mwanzoni?” Akisema k, mtolee kadi ya mchanga. Wewe pitisha vidole: kijiti kutoka juu kwenda chini, kisha mkono unaoingia, kisha mguu unaotoka. Sema k mara moja. Sasa zamu yake. Korosho aile.

Siku inayofuata aandike k kwenye sinia, kubwa, kisha ndogo. Ifuatayo aitengeneze kwa donge au aipange kwa mbegu juu ya gundi. Kisha mfichie: tawanya vizibo vya k uani, chini ya kinu, kwenye kibaraza, na kila akipata kimoja akitamke. Akizoea, changanya na m na a alizokwisha jifunza, uulize “ipi inasema k?”. Kuchagua ni rahisi kuliko kutaja. Kutaja, yaani “hii inasema nini?”, kuje mwisho.

Akikosea, usiseme hapana. Mwambie, “Hii inasema t. K iko wapi?” Akikosea tena, amechoka. Funga kopo. Siku ya kuumwa, ya mvua kubwa au ya msiba msicheze, hakuna kitakachoharibika. Herufi nyingine itachukua siku tatu, nyingine wiki mbili.

Bahari ikipwa

Wanaoishi karibu na Shangani, Mikindani, Msimbati au ufukwe wa Lindi wana ubao mkubwa kuliko wa shule yoyote. Maji yakipwa mchanga hubaki mgumu na laini. Chora herufi kubwa kama chumba, weka jiwe pale mkono unapoanzia, na mtoto atembee juu ya mstari akitamka sauti, kisha akimbie, kisha aruke kwa mguu mmoja. Baadaye aujaze mstari kwa kombe tupu alizookota. Zenye mnyama ndani zirudi majini. Penye mawe na chaza avae viatu, na mtu mzima awe anatazama bahari, maana maji yakianza kujaa hayasubiri mchezo uishe.

Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea, tumieni uwanja uliofagiliwa na kijiti. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hivi, familia zinaposhinda shambani, kivuli cha mkorosho ni darasa zuri kabisa: ardhi tupu, na vijiti vya kupangia herufi tele.

Kuunganisha

Akiwa na irabu zote na m na k, tengeneza dirisha la silabi. Kata kipande cha boksi cha mraba, toboa dirisha upande wa kulia, na upande wa kushoto bandika kizibo cha herufi m. Kata utepe mrefu unaopita nyuma ya dirisha, uandikwe a, e, i, o, u kutoka juu kwenda chini. Mtoto anavuta utepe na kusoma: mmmma, mmmme, mmmmi. Mvutie sauti bila kukata katikati, kisha fupisheni. Badilisha kizibo cha kushoto, utepe ni uleule.

Kisha vizibo viwili, vinne, sita mkekani. Panga ma-ma. Badilisha: ma-ka, ka-ka, ku-ku. Maneno yasiyo na maana pia yasomwe, kwani hapo ndipo utajua kama anasoma kweli au anabahatisha kwa kumbukumbu.

Sh, ch, ny, mb, nd, nj, ng na ng' zije baada ya herufi moja moja kukaa vizuri. Ziandike kwenye kadi moja ndefu kidogo, asizione kama vitu viwili. Ch ipewe chumvi na choroko, mb ipewe mbaazi, ny nyanya, nd ndoo, ng' ng'ombe. Dh, th, gh na kh waachie walimu.

Kanga, mashua na magunia

Sasa herufi kubwa. Kanga zina jina lililochapwa kwa herufi kubwa na wazi. Tandika moja, mpe vizibo, na afunike kila A atakayoiona. Bibi amsomee jina zima baadaye na kumweleza maana yake. Maneno yale yatamfundisha Kiswahili ambacho hakimo kwenye kadi. Mashua zimeandikwa majina ubavuni, magunia ya korosho yana alama, maduka yana mabango. Mwulize, “Ipi unaijua hapo?”, kisha endeleeni na safari.

Kalamu ije mwisho

Vidole vya miaka minne bado laini. Kumenya karanga, kukanda donge, kuchambua mbaazi na kubana nguo kwenye kamba ndiyo mazoezi yake ya mwandiko. Kisha mkaa au chaki sakafuni, herufi kubwa, zikianzia juu. Penseli fupi inashikika vizuri kuliko ndefu. Akitumia mkono wa kushoto, mwache. Kumlazimisha atumie wa kulia kunamchelewesha na kumtia woga, na hakuna ubaya wowote katika mkono ule.

Herufi zitatoka zimegeuka nyuma mbele. Ni kawaida kwa umri huu, na wengi huendelea hivyo hata darasa la kwanza. Kinachohitaji kituo cha afya ni mtoto asiyegeuka akiitwa kutoka nyuma, anayetoka usaha masikioni, au anayesogeza kila kitu hadi puani ili akione.

Nyumba inayozungumza Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua isiache lugha yake kwa sababu ya herufi. Michezo ya sikio yote inachezeka kwa lugha hizo, na sikio lililozoea kusikiliza huko litasikiliza na kwenye Kiswahili.

Akianza darasa la awali, mwulize mwalimu anazitajaje herufi. Kama ni kwa majina, mweleze mtoto kwamba herufi ni kama paka: jina lake paka, sauti yake nyau. Hii jina lake be, sauti yake b. Hapo ndipo mfundishe na majina yote kwa mpangilio wa a hadi z, maana atayahitaji kutaja jina lake herufi kwa herufi na, akikua kidogo, kutafuta neno kwenye kamusi.